Nani Amtunzie Binti Siri?

Mwishoni mwa mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008. Tangu hapo kijana wa miaka 15 Tanzania Bara anaweza kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Awali ilibidi afikishe miaka 18 au aje na mzazi. Mzazi wa Kariakoo mwenye habari hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Na kwenye uzazi wa mpango, mwongozo wa taifa tangu miaka ya 1990 haumfukuzi kijana eti kwa kuwa hajaolewa au hajazaa. Kwenye karatasi, basi, mambo yamekwisha. Mitaani ndiyo kwanza ugomvi unaanza.

Ugomvi huo nimeuandika kama mazungumzo. Wanaosema hapa si watu fulani. Ni sauti ambazo mtu yeyote anayeishi katikati ya jiji hili la Dar es Salaam ameshazisikia dukani, kwenye daladala na msibani. Nimeziketisha kwenye benchi moja hapa Kivukoni, soko la Feri, upande wa wakaanga samaki, mnada wa asubuhi ukiwa umeshavunjika. Majina hayana kazi, shughuli zao zinatosha.

BABA (dalali wa samaki, Feri): Mwanangu aking'olewa jino naitwa nisaini. Shule ikiwapeleka Bagamoyo kutembea, naletewa barua nisaini. Leo mnaniambia akichomwa sindano ya kuzuia mimba mimi sina haki ya kujua? Akitokwa damu saa nane za usiku, nani anatafuta bajaji ya kumkimbiza hospitali ya Amana? Sista, utakuja wewe?

NESI (zahanati ya serikali): Sitakuja, baba. Wala sisemi usijue. Nasema usiambiwe na mimi. Akuambie yeye.

BABA: Na asiponiambia?

NESI: Hapo tutakuwa na la kuzungumza mimi na wewe, na wala halitahusu sindano.

MAMA (muuza vitenge, Mtaa wa Kongo): Usimkwepe, Sista. Mimi nina binti wa miaka kumi na sita. Natoka nyumbani alfajiri ili niwahi kufungua duka, nikirudi ni saa mbili usiku, foleni ikikaa vibaya saa tatu. Mwanangu namlea kwa simu. Sasa nije nikute daftari la zahanati chini ya godoro, ndiyo nijue kinachomsibu? Mama gani huyo?

Hapo kwenye daftari sitaki tupite haraka. Ukienda zahanati nyingi unakwenda na daftari lako, lile la shule la kurasa chache. Daktari anaandika humo unachoumwa, kipimo na dawa, kisha unarudi nalo nyumbani. Zahanati inabaki na rejista ya mfumo wa taarifa za afya, MTUHA, yenye jina, umri na mtaa. Kwa hiyo siri ya msichana, ambayo sheria inailinda kwa maneno mazito, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na inalala kwenye chumba kimoja na wadogo zake watatu. Wanaoogopa hulitupa njiani. Safari ijayo wanaanza upya, kama hawajawahi kuugua, na anayewatibu hajui walichopewa mara ya kwanza.

BINTI (miaka 19, yuko chuo): Langu nilikuwa nalihifadhi kwa rafiki yangu. Na si kwa mambo mnayofikiria. Hedhi ilikuwa inaniumiza tumbo mpaka nazimia. Nimekaa kwenye benchi na yunifomu, mhudumu akatoka akauliza kwa sauti: "Wewe mwanafunzi umefuata nini huku, una mimba?" Majirani zetu wawili walikuwa kwenye foleni. Nilivyofika nyumbani habari ilikuwa imeshatangulia.

MAMA: Si ungeniambia, mwanangu, nikupeleke mimi.

BINTI: Ningekwambia, mama. Ila mara ya mwisho niliposema tumbo linauma, swali la kwanza nyumbani lilikuwa hilohilo la mhudumu.

BABA: Mhudumu huyo hana adabu, na hilo siligombei. Lakini mtu mmoja kukosa adabu hakunifanyi mimi mzazi nifungiwe mlango.

BINTI: Shikamoo mzee, nikuulize kidogo.

BABA: Marahaba. Uliza.

BINTI: Shuleni tulikuwa tunapangwa mstari na vikopo mkononi, tunapimwa mimba. Hatuombwi ridhaa, na matokeo yanajulikana bweni zima kabla ya chakula cha mchana. Wazazi wetu walijua. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza kwa nini mwanawe amepimwa bila yeye kusaini. Mliposikia tunaweza kupimwa kwa hiari na kwa siri, ndipo mkakumbuka ridhaa?

Hakuna kwenye benchi aliyemjibu, na mimi sioni jibu. Upimaji wa lazima uliendelea kwa miaka katika shule nyingi nchini, na aliyekutwa na mimba alifukuzwa. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alisema aliyezaa hatarudi shuleni katika utawala wake. Ilipofika Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi. Muda huo wote wasichana waliendelea kupata mimba: utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 uliwakuta asilimia 27 ya wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au ni wajawazito, na ule wa 2022 ukawakuta asilimia 22. Imepungua, lakini bado ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Adhabu ya hadharani tuliijaribu vya kutosha. Siri hatujaijaribu sawasawa hata mwaka mmoja.

MUUZA DAWA (Kariakoo): Ninyi mnagombania zahanati, wateja wako kwangu. Wananiita dokta, na hakuna anayeniuliza cheti. Msichana anaingia, anajifanya anaangalia dawa za mafua, anasubiri mtu mzima atoke, halafu ananong'ona: "Dada yangu kaniagiza P2." Huyo dada nimeshamuuzia sana. Jumatatu asubuhi anakuwa na wadogo wengi kweli. Siwaulizi umri. Nikiuliza, duka la pili liko hatua kumi.

NESI: Na ukimuuzia mara nne kwa mwezi unamwambia nini?

MUUZA DAWA: Namrudishia chenji.

NESI: Ndiyo siri yenyewe hiyo, baba. Mwanao anayo tayari, isipokuwa haina nesi ndani yake. P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, hakikuwekwa kiwe cha kila wiki, na hakizuii kaswende wala VVU. Akija kwangu nitamwambia hayo, nitampima, nitamuuliza yuko na nani.

MUUZA DAWA: Na wavulana msiwasahau. Wao hata dada hawamsingizii. "Dokta, nikikojoa naungua, nipe za gono." Hataki kupimwa, anataka kidonge. Antibayotiki bila cheti cha daktari sheria inakataa, najua, msinitolee macho.

BABA: Mvulana ni habari nyingine.

BIBI (Mzaramo, kungwi): Habari gani hiyo? Hizo mimba wasichana wanajipa wenyewe?

Nilikuwa nangoja nione nani angelisema hilo. Toka tuanze, Baba ametaja binti, Mama ametaja binti, hata mimi kwenye kichwa cha makala nimeandika binti. Mzazi wa mjini anapodai haki ya kujua, mara nyingi anadai kujua habari za watoto wa kike. Mvulana wa miaka kumi na sita anaumwa kisonono nyumbani kwa watu wazima wawili na hakuna anayehoji kwa nini amenyamaza siku tatu. Kama haki ya mzazi ni ulinzi, mbona nusu ya watoto haiwahusu?

Hata hivyo Baba alikuwa amebakiza hoja yake nzito, na alipoitoa benchi zima liligeuka.

BABA: Haya. Tuseme binti wa miaka kumi na tano ameletwa kwako na mwanamume wa miaka arobaini. Kampakia kwenye gari, kamwambia sema wewe ni mtoto wa dada yangu. Fataki, tunawajua hao, redio ziliimba mpaka jina likawa la mtaani. Unamchoma sindano, unamtunzia siri. Nani umemlinda hapo? Mwanangu au yule bwana? Kwa Fataki hakuna siku nzuri kama siku ambayo baba haambiwi.

NESI: Hapo siri inakoma. Nikiona binti ametumiwa nguvu, au kuna mtu mzima nyuma yake, naita afisa ustawi wa jamii, tunakwenda dawati la jinsia polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa.

WAKILI: Afadhali umesema, Sista, maana hapa ndipo sheria zetu zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Ukiifuata neno kwa neno, kila binti wa miaka kumi na saba anayekuja kuomba vidonge analeta taarifa ya jinai. Papo hapo Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu baba amwoze bintiye wa miaka 15. Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kwenye kesi ya Rebeca Gyumi, zikasema vifungu vya ruhusa hiyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Na mwaka huohuo 2019 Bunge likasema wa miaka 15 anaweza kuamua kupima. Kwa hiyo wa miaka 15 tunampa akili ya kupima VVU, baba yake alipewa ruhusa ya kumwoza, na aliyelala naye bila ndoa anakwenda jela miaka 30.

NESI: Ndiyo maana wenzangu wengi wanafunga mlango kabisa. Hawana roho mbaya. Wanaogopa kuitwa mahakamani.

WAKILI: Waingereza nao walipita hapa. Mama mmoja, Victoria Gillick, mwenye watoto kumi, alikwenda mahakamani kudai daktari asimpe binti wa chini ya miaka 16 dawa za kuzuia mimba bila mzazi kujua. Akashindwa mwaka 1985. Majaji wakasema mtoto akiwa na uelewa wa kutosha wa jambo lenyewe, ridhaa yake inatosha. Afrika Kusini, kwenye sheria yao ya watoto ya 2005, wakataja umri kabisa: miaka 12.

BABA: Hao kina Gillick hawanunui samaki hapa.

Alilolipuuza Baba nami silipi uzito mkubwa. Nchi zile zina daktari wa familia na chumba chenye mlango, sisi tuna pazia. Ila hoja ya Fataki siipuuzi. Jibu la Nesi ni zuri kwenye kitabu. Kazini lataka nesi mwenye dakika ishirini za kumuuliza binti maswali akiwa peke yake, bila yule mjomba wa bandia kusimama mlangoni. Foleni ya zahanati zetu inampa dakika nne.

Na upande wa Nesi usipite bure, kwa sababu wapenzi wa huduma rafiki kwa vijana huwa wanaahidi makubwa. Tuna kipimo cha hapahapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkoani Mwanza, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, pamoja na AMREF na wataalamu kutoka London, walianzisha mradi wa MEMA kwa Vijana. Zilihusika jamii 20: katika nusu yake walifundisha afya ya uzazi kwenye shule za msingi na kuwafunda watumishi wa zahanati wawapokee vijana bila kuwakemea, nusu zikaachwa ili kulinganisha. Walifuatilia kwa miaka. Ujuzi wa vijana uliongezeka, na ukabaki. VVU na mimba havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Anayesema tufungue chumba cha vijana na matatizo yatakwisha, amwulize mtu wa Mwanza. Mimi nakiunga mkono chumba hicho kwa sababu mgonjwa anatakiwa kutibiwa bila kutukanwa. Sababu hiyo inajitegemea.

MAMA: Mnasema maneno makubwa. Mimi moyo wangu unasema mficha maradhi kifo humuumbua.

NESI: Na mimi nasema hivyohivyo.

MAMA: Tofauti ni kwamba wewe unamsaidia kuficha.

BIBI: Sasa nisikilizeni, maana mnazungumza kama vile jambo hili limeingia jana na pantoni. Wewe mama, mwali alipovunja ungo, nani alimfunda? Mama yake mzazi?

MAMA: Hapana. Somo.

BIBI: Mama aliingia ndani?

MAMA: Haingii.

BIBI: Aliuliza mwanawe kaambiwa nini, kajibu nini?

MAMA: Ni aibu kuuliza.

BIBI: Aibu kubwa. Mimi nimefunda wasichana Uzaramo na hapa mjini, Gerezani, Buguruni. Nimeambiwa mambo ambayo mama zao wamekufa bila kuyajua. Nimeona ugonjwa, nikampeleka mtu hospitali kwa mkono wangu, nikamwambia mama yake binti ana homa. Mama akaridhika, kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Leo huyu bwana anasema mzazi kutokujua ni mambo ya Wazungu. Mzazi wa Pwani alikuwa hajui kwa makusudi, mwanangu. Ndiyo ilikuwa heshima yake.

Sitaki Bibi aipambe unyago kupita kiasi. Mwali aliwekwa ndani, pengine miezi, na mengi aliyofundwa yalikuwa ya kumtumikia mume, si ya kujilinda naye. Na wengi walitoka ndani kwenda moja kwa moja kuolewa, shule ikabaki nyuma. Lakini kuhusu siri amesema kweli ambayo ugomvi wetu wote ulikuwa unaizunguka. Kwenye pwani hii mambo ya mwili wa kijana hayakuwa ya mzazi. Yalikuwa ya mtu mzima mwingine, na mzazi alilala usingizi. Baba ndiye aliyeona tofauti iko wapi, na kwa hilo nampa alama.

BABA: Nakubali, Bibi. Lakini somo wa mwanangu tulimchagua sisi. Tunaujua ukoo wake, tunajua alikolala jana. Huyu Sista, samahani Sista, leo yuko hapa, kesho kahamishiwa Ukonga. Mimi simjui. Unaniambia nimkabidhi mwanangu mtu nisiyemjua, halafu nisiulize.

NESI: Ni kweli hunijui. Na hujawahi kuja.

BABA: Nije kufanya nini, sina mimba.

Benchi lilicheka, na yeye akacheka. Ila swali lake ni zuri kuliko alivyodhani, na kuna siku moja ambayo lina jibu: siku ya chanjo. Kutoka hapa Feri, ukipita Ikulu ukafuata ufukwe, unafika kwa miguu Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Wanawake wengi waliolazwa pale wana saratani ya mlango wa kizazi, inayotokana na kirusi cha HPV, na kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana. Chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14; tangu 2024 ni dozi moja, kuanzia miaka 9 hadi 14. Pamoja na uvumi wote kwamba inazuia kuzaa, mamilioni ya wazazi wameiridhia.

NESI: Mama, binti yako alichanjwa?

MAMA: Alichanjwa, shuleni.

NESI: Ulimwambia inakinga nini?

MAMA: Saratani.

NESI: Na hiyo saratani inaanzaje?

MAMA: Hapo nilimwachia mwalimu.

Mwalimu naye aliwaachia wazazi. Ninavyowajua walimu wetu, nipo tayari kula kiapo. Hapo ndipo pa kuanzia. Mzazi anamkubalia nesi amchome mwanawe chanjo ya ugonjwa wa zinaa akiwa na miaka kumi na mbili, kisha anashtuka nesi huyo akiongea naye akiwa na kumi na sita. Mwaka huo wa chanjo, mzazi afunge duka nusu siku, amchukue mtoto wake, wa kiume naye asiachwe, aende zahanati ya karibu. Amwambie nesi: huyu ni wangu, akija mwenyewe mpokee. Mtoto amsikie anavyosema hivyo. Halafu mzazi atoke, akae nje kwenye benchi, na asiulize walichozungumza. Atakuwa amechagua somo kama walivyochagua bibi zake, na nesi atakuwa amekabidhiwa mtoto mbele ya mashahidi. Akihama, amtambulishe anayepokea kiti chake.

Kitu kimoja sikikubali: utambulisho huo kugeuzwa sharti. Wapo watoto ambao hatari yao inalala chumba cha pili, kwa baba wa kambo, kwa mjomba, kwa baba mwenyewe, na wapo ambao mzazi wao hatakwenda hata kwa kubebwa. Kwa hao mlango uwe wazi bila barua ya mtu, kama Bunge lilivyokwisha amua kwa VVU. Kati ya Baba na Nesi, kura yangu naipa Nesi.

Jiji nalo lina deni lake, tena si la fedha nyingi. Daftari la kijana libaki zahanati, kwenye kabati lenye kufuli. Anayeita foleni aite namba, asitaje ugonjwa. Na chumba cha vijana kifunguliwe jioni na Jumamosi, kwa sababu saa nne asubuhi ya siku ya kazi, mwanafunzi mwenye yunifomu kwenye benchi la zahanati ameshaonekana na mtaa mzima.